Usione Vyaelea: Nati, Kutu na Mkono wa Fundi

Hakuna chuma kinachomfedhehesha mwenye gari kama nati iliyoshika kutu. Mtu ameamua siku ya mapumziko kubadilisha kiungo kimoja tu cha gari lake, kazi ya saa moja. Ametandika mkeka uani, amepanga spana zake kwa ukubwa, ameinua gari kwa jeki na kulitegemeza juu ya magogo. Nati tatu zimetoka kwa utiifu. Ya nne imegoma. Anavuta, spana inateleza, vidole vinagonga chuma na damu inachuruzika. Anachomeka bomba refu kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi, anavuta tena, na mara panasikika mlio mkavu. Spana inazunguka kwa wepesi. Kwa nukta moja mwenye gari hufurahi, kisha hutambua kwamba nati haikufunguka, bali bolti imekatika. Kazi ya saa moja imegeuka kazi ya siku tatu, na gari litalala juu ya magogo.

Tukio hili ni dogo na hutokea kila siku katika kila nchi yenye magari. Hata hivyo lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imo katika maji ya Afrika Mashariki, ya chumvi na yasiyo na chumvi. Wakaazi wa visiwani, ambao upepo wa bahari huwaingilia hadi kabatini, wanaijua kutu kuliko watu wa bara. Walikuwa wakishindana nayo karne nyingi kabla ya gari la kwanza kuteremshwa gatini.

Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kinachojulikana kwa jina la Periplus ya Bahari ya Erythraea, kinataja kisiwa cha Menouthias katika mwambao huu. Wataalamu wamebishana kama ni Unguja, Pemba au Mafia. Mwandishi wake, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, anasema wenyeji walikuwa na vyombo vidogo vilivyoshonwa, ambavyo walivitumia kwa kuvua samaki na kukamata kasa. Mji wa biashara wa Rhapta, anaeleza, ulipata jina lake kutokana na vyombo hivyohivyo vya kushonwa. Ushoni huo ulidumu. Mtepe, chombo mashuhuri cha visiwa vya Lamu na jirani zake, uliunganishwa mbao kwa mbao kwa kamba za makumbi na vigingi vya mti, bila ya msumari wa chuma, na uliendelea kuonekana baharini hadi karne ya ishirini.

Sababu za ushoni huo ni zaidi ya moja. Chuma kilikuwa ghali. Mbao zilizoshonwa hunyumbuka kidogo zinapogonga mwamba au zinapokalishwa pwani maji yakitoka, na zile zilizopigiliwa hupasuka. Lakini iko sababu nyengine ambayo fundi wa gari angeielewa mara moja, nayo ni kwamba msumari wa chuma uliomo ndani ya mti uliolowa maji ya chumvi huliwa na kutu, na kutu hiyo huula mti ulio karibu nayo. Kamba ya makumbi huoza pia, lakini ikioza hufunguliwa na kushonwa upya, ubao ukibaki salama. Waliounda mtepe walichagua kifungo kinachofunguka.

Misumari ilipoenea katika majahazi, mafundi hawakuisahau hekima hiyo. Walitoboa kwanza tundu kwa keekee, wakazungushia shingo ya msumari nyuzi zilizolowekwa mafuta, kisha ndipo wakapigilia. Mafuta yalitangulia chuma. Hapa pana kanuni ambayo mtu wa nati iliyogoma huikumbuka akiwa amekwishachelewa: mafuta yanayowekwa siku ya kukaza yana thamani kubwa kuliko yale yanayomiminwa siku ya kufungua.

Bolti yenye nati, kifungo kinachokazwa na kulegezwa kwa mzunguko, ilikuja na desturi nyengine. Kabla ya karne ya kumi na tisa nyuzi za bolti zilichongwa kwa mkono au kwa vifaa visivyolingana, na kila nati ilikuwa mchumba wa bolti moja tu. Aliyefungua mashine ilimlazimu aweke alama, kwani nati ikipotezana na bolti yake haikupata nyengine. Mnamo mwaka 1800 hivi, Henry Maudslay wa London aliunda mashine iliyoweza kukata nyuzi zilizo sawasawa, mara kwa mara, bila ya kutegemea jicho la fundi. Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya Maudslay, alikusanya bolti kutoka viwanda mbalimbali vya Uingereza, akazipima, na mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja kwa wote: pembe ya uzi iwe digrii 55, na idadi ya nyuzi katika kila inchi ifuate unene wa bolti. Reli na meli zilikikubali kipimo hicho, na meli zikakipeleka kila bandari.

Marekani haikufuata. Mwaka 1864, mjini Philadelphia, William Sellers alipendekeza pembe ya digrii 60, akieleza kwamba ni rahisi zaidi kuikata na kuipima. Kwa muda wa miaka 80 na zaidi, mataifa mawili yanayosema lugha moja yalikuwa na nati zisizosikilizana. Vita vya Pili vya Dunia vilidhihirisha gharama yake, maana vipuri vilivyotengenezwa upande mmoja wa Atlantiki havikuingia katika mitambo ya upande wa pili. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilitia saini mapatano ya kutumia uzi mmoja wa digrii 60. Ulaya bara ilikuwa na milimita zake, na milimita hizo ndizo zilizoshinda hatimaye katika magari mengi ya dunia.

Mabishano hayo ya mbali yaliingia katika masanduku ya spana ya Afrika Mashariki. Malori na magari madogo ya Kiingereza yalikuja na nati za inchi, na baadaye magari ya Kijapani yakaja na nati za milimita. Fundi mmoja alilazimika kujua lugha tatu za chuma. Spana ya Whitworth iliyoandikwa nusu inchi haipimi kichwa cha nati, bali unene wa bolti, na kinywa chake ni kipana karibu milimita 23. Spana ya Kimarekani iliyoandikwa vivyo hivyo hupima kichwa, nacho ni milimita 12.7. Mtu akikosa hiyo na kutumia spana ya milimita 13, itaingia, na itaonekana imekaa. Lakini pengo la sehemu tatu za kumi za milimita linatosha kuzikwangua pembe sita za nati mpaka iwe duara kama kishungi. Nati nyingi zinazosemwa zimegoma ziliharibiwa kwanza na spana isiyokuwa yake.

Kutu nayo haikungoja magari. Mwaka 1858 David Livingstone aliingia mto Zambezi kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Ma Robert, kwa jina ambalo wenyeji walimwita mkewe, yaani mama yake Robert. Meli hiyo ilijengwa Uingereza kwa mabati membamba ya chuma cha pua cha aina mpya, yaliyosifiwa kwa wepesi wake. Sifa hazikumaliza miaka mitatu. Mabati yalitoboka kwa kutu, matundu yakazibwa na mengine yakafunguka, mpaka mwishoni mwa mwaka 1860 meli ikakwama katika fungu la mchanga na kuzama. Chombo kilichoundwa ili kufungua njia ya mto kilishindwa na kutu kuliko kilivyoshindwa na mto wenyewe.

Kisa cha pili ni kinyume cha hicho. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya mvuke iitwayo Graf von Götzen kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Meli haikuweza kufika huko kwa maji. Ilivunjwa vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli mpya iliyokuwa ikifika Kigoma. Mafundi watatu walitoka Papenburg pamoja nayo, na huko Kigoma mikono mingi ya Waafrika ilifanya kazi ya kuunganisha mabati kwa ribiti, moja baada ya moja. Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vimekwisha kuwaka.

Mwaka uliofuata majeshi ya Ubelgiji na Uingereza yaliikaribia Kigoma. Amri ikatoka meli izamishwe isitekwe na adui. Tarehe 26 Julai 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi, mafundi walewale walioiunganisha ndio waliotakiwa kuiangamiza. Wao walifanya jambo ambalo halikuwa la lazima kwa mtu anayetupa. Waliipaka mitambo grisi nzito, kila kiungo na kila kifungo, wakaijaza meli mchanga na kuishusha taratibu hadi chini. Hawakuizamisha kama mtu anayezika, bali kama mtu anayeweka akiba.

Baada ya vita Wabelgiji waliiinua na kuikokota hadi Kigoma, lakini mwaka 1920 ikazama tena. Waingereza, waliokabidhiwa utawala wa Tanganyika, waliiinua kwa mara nyengine mwezi Machi 1924. Chuma kilichokaa majini kwa sehemu kubwa ya miaka minane kilitarajiwa kuwa takataka. Grisi ilipofutwa, mitambo na matangi ya mvuke yalionekana yanafaa kutengenezwa. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hilo, ikasafirisha watu, mahindi, dagaa na wakimbizi kwa miongo mingi. Wajerumani walipaka grisi kwa matumaini ya kurudi wenyewe. Hawakurudi. Waliofaidika ni watu ambao hawakuwajua, na ambao pengine hawakuwa na nia ya kuwafaidisha. Msemo wa wahenga kwamba usione vyaelea, vimeundwa, una tafsiri ya ziada Kigoma: vingine vyaelea kwa sababu aliyevizamisha alivipaka mafuta.

Maji ya Tanganyika hayana chumvi, na hilo liliisaidia Liemba. Kutu ni ndoa ya chuma, maji na hewa, na chumvi ndiyo kungwi wa ndoa hiyo, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaosafiri kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyengine. Tena kutu haichukui nafasi ileile ya chuma ilichokila. Huvimba, ikachukua nafasi iliyo mara kadhaa zaidi. Baina ya nyuzi za bolti na za nati pana upenyo mdogo sana, uliowekwa ili viweze kuzunguka. Maji yakiingia humo hayatoki upesi, kutu huota, hujaa na kubana. Pale bolti ya chuma inapokutana na aluminiamu, kama katika injini nyingi za kisasa, umeme huohuo huila aluminiamu, na badala ya vumbi jekundu hutokea unga mweupe unaoshika kama saruji.

Kuna hesabu moja inayomfaa kila anayeshika spana. Kwa makadirio ya kawaida ya wahandisi, katika nguvu inayotumika kukaza bolti iliyo safi, karibu asilimia 50 humalizwa na msuguano wa chini ya kichwa, asilimia 40 na msuguano wa nyuzi, na asilimia 10 tu ndiyo inayoivuta bolti na kubana vitu viwili pamoja. Maana yake ni kwamba anayefungua nati hapigani na mshiko wa bolti, anapigana na msuguano. Na msuguano haushindwi kwa misuli, kwa sababu bolti yenyewe ndiyo kiungo dhaifu. Anayezidisha nguvu hukata alichotaka kukiokoa.

Ndiyo maana mafundi wazuri hufanya mambo ambayo mwanagenzi huyaona ni ya kupoteza wakati. Kwanza husugua kwa brashi ya waya nyuzi zilizotokeza nje, kwa sababu nati italazimika kuzipitia hizo wakati wa kutoka. Kisha hutia mafuta mepesi yanayopenya na kuondoka. Mafuta mazito ya injini hayafai kazi hiyo, kwani hubaki juu. Wengi hutumia mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo, na wengine dawa za kopo. Iliyo maarufu zaidi kati ya hizo, WD-40, ilitengenezwa mwaka 1953 mjini San Diego, Marekani, na kampuni ndogo iliyotaka kuzuia kutu katika makombora, na namba yake inatokana na jaribio la arubaini lililofanikiwa. Tatu, hungoja. Mafuta hupenya kwa kunyonywa na nafasi ndogo, kama utambi unavyonyonya, na unyonyaji huo hauharakishwi kwa hasira. Kutia jioni na kufungua asubuhi ni bora kuliko kutia mara kumi katika saa moja.

Kisha huja nyundo, lakini si kwa ghadhabu. Mapigo mafupi juu ya kichwa cha bolti huitikisa kutu na kuivunja vipande, mafuta yakapata njia. Baada ya hapo fundi hufanya jambo la ajabu: huikaza nati kidogo kabla ya kuilegeza. Ikisogea hata kwa upana wa unywele, mshiko umevunjika. Hurudi nyuma robo mzunguko, huenda mbele tena, huongeza mafuta, hurudi. Nati hutoka kwa kwenda na kurudi, kama mtu anayebembelezwa. Na kabla ya yote hayo huangalia upande wa kuzungushia, kwani malori mengi na baadhi ya magari ya zamani yana nati za kushoto katika magurudumu ya upande wa kushoto. Si haba waliotoka jasho siku nzima wakiikaza nati waliyodhani wanaifungua.

Moto ni hatua ya baadaye. Nati ya chuma yenye tundu la milimita 12, ikipashwa joto la digrii 300 zaidi ya bolti yake, hutanuka kiasi cha sehemu nne za mia za milimita. Ni kidogo mno kwa jicho, lakini kutu haiwezi kunyumbuka kiasi hicho, hupasuka. Baadhi ya mafundi hugusisha mshumaa kwenye nyuzi zenye joto, nta ikayeyuka na kunyonywa ndani. Lakini moto una masharti yake. Haupelekwi karibu na tangi la petroli, mipira ya breki wala mafuta yaliyomwagika muda mfupi uliopita. Wala hapana nati yenye thamani ya kumfanya mtu aingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Kutu imeharibu vyuma vingi, lakini pupa ya kushindana nayo imeharibu viungo vya watu.

Na bolti ikikatika, bado haijawa msiba. Kama kipande kimetokeza, mchomeleaji huweza kubandika nati juu yake. Joto la kuchomelea hutanua na kuvunja kutu, na nati mpya huwa mkono wa kushikia. Kama imekatikia ndani, hutobolewa katikati hasa, kwa uangalifu, ili nyuzi za tundu zisiguswe. Ikishindikana, tundu hukatwa nyuzi upya kwa ukubwa zaidi. Kila hatua ya hizo ni ghali kuliko usiku mmoja wa kungoja.

Mwisho wa kazi ndio unaosahauliwa. Nati imetoka, kiungo kipya kimewekwa, jua linazama, na mwenye gari anataka kukaza na kunawa. Hapo ndipo mahali pa grisi ya Liemba. Nyuzi husafishwa, hupakwa kidogo, kisha ndipo hukazwa. Lakini si kila mahali. Nati za magurudumu, kwa maelekezo ya watengenezaji wengi, hukazwa zikiwa kavu na safi, kwa sababu mafuta hupunguza msuguano na nguvu ileile ya mkono huivuta bolti kupita kiasi chake. Busara ya grisi ni pamoja na kujua pasipopakwa.

Aliyeshona mtepe alijua kwamba kamba itafunguliwa na mtu mwengine, pengine mwanawe. Aliyezungushia nyuzi zenye mafuta shingoni mwa msumari alijua hivyohivyo. Mafundi wa Papenburg, katika siku ya kushindwa kwao, walipata muda wa kuupaka mtambo ambao hawakuja kuuendesha tena. Nati iliyogoma chini ya gari, mara nyingi, si uasi wa chuma. Ni habari ya mtu aliyeikaza miaka mingi nyuma, akiwa na haraka, bila ya kumfikiria atakayekuja kuifungua.